Aliyepokea Simu

Meneja wa kampuni ya vyeti alikuwa na adabu nyingi mno kwa mtu asiye na hatia. Alimvutia Inspekta kiti, akakipangusa vumbi ambalo halikuwepo, akamuuliza mara mbili kama kiyoyozi kinamsumbua. Inspekta alikaa, akaweka mkoba miguuni, akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi.

"Nina muda hadi saa kumi jioni," alisema. "Kwa hiyo chai tuiache."

"Saa kumi kuna nini, afande?"

"Kuna mwanamke ataandika mahali atakapolala leo. Nataka kujua nani atasoma."

Meneja alitabasamu, akaona hatabasamiwi, akaacha.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mjini mle kulikuwa na Nyumba ya kuwahifadhi wanawake waliokimbia waume wenye mikono mizito. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka ishirini na minane, mumewe alikuwa ameapa mbele ya mashahidi kwamba akimtia machoni tena hatamwachia pumzi. Maneno ya hasira husahaulika, lakini huyu aliapa akiwa ametulia, anakunywa maji. Basi Nyumba ikamficha kwa utaratibu wake: kila baada ya siku mbili alihamia kwa mwenyeji mwingine, na kila mwenyeji alimjua wa mbele yake tu. Hata Matroni, mkuu wa Nyumba, hakujua binti yuko wapi mpaka siku ya kuhama, saa kumi kamili, binti aazime simu ya mwenyeji na kuandika mahali alipo kwenye tovuti ya Nyumba. Kupiga simu ilikuwa mwiko. Tovuti ndiyo ilikuwa uzi wa pekee, na leo ilikuwa siku ya kuhama.

Sasa jana mpwa wa Matroni, anayewatunzia tovuti hiyo, alipitia rejista ya wazi ambamo kila cheti cha tovuti kinachotolewa duniani huandikwa. Akakuta tovuti yao ina vyeti viwili. Kimoja walikiomba wenyewe. Cha pili kilitolewa juzi jioni na kampuni hii ya Meneja, ambayo hawajawahi hata kuisalimia.

Cheti hicho si karatasi ya kutundika ukutani, msije mkadhani. Ni maneno ya kompyuta yanayoiambia simu yako: tovuti hii ni yenyewe, mimi nimemkagua mwenyewe, andika bila wasiwasi. Simu ikiamini, inakuchorea kufuli dogo juu ya ukurasa, nawe unamwaga siri zako zote. Mkaguzi naye amekaguliwa na nani, hilo watu hawaulizi. Inspekta alikuwa amekuja kuliuliza.

"Mlete aliyekipitisha," alisema.

Mhakiki aliingia na faili kifuani. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sweta kwa ajili ya kile kiyoyozi, miwani imefungwa uzi. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Nilifuata utaratibu," alisema kabla hajaulizwa.

"Ndio huo ninaoutaka. Anza mwanzo."

"Ombi linakuja kwenye kompyuta. Mwombaji anaandika jina la tovuti na namba yake ya simu. Namba hiyo siigusi." Hapo sauti yake ikapata nguvu. "Nina miaka kumi na moja kwenye kiti kile na sijawahi kuigusa. Ukipiga namba aliyokupa tapeli, atapokea tapeli. Mimi napiga iliyo kwenye daftari la wenye tovuti. Aliyepo pale akisema ndiyo, namsomea tarakimu sita, mwombaji anaziandika kwenye fomu, zikilingana nampitisha."

"Na juzi?"

"Nilipiga, wakapokea, tarakimu zikalingana."

Inspekta alifungua daftari lake. Alikuwa na jambo moja alilolibeba tangu asubuhi, na kusema kweli alikuwa ameshamhukumu huyu mama nusu. "Faili hili ulilifungua mara mbili. Mara ya kwanza saa tisa. Mara ya pili saa kumi na mbili, wenzako wote wakiwa wameondoka. Ulirudi kufanya nini?"

Meneja aligeuka kumtazama mfanyakazi wake. Mhakiki alivua miwani.

"Nilirudi kusikiliza tena ile simu."

"Kwa nini?"

"Yule bwana alinijibu kabla sijamaliza kuuliza. Watu wa maofisini hawajui wameomba nini, afande. Unampigia, anakuuliza cheti gani, anamwita mwenzake, wanabishana. Huyu alikuwa ananisubiri."

"Kwa hiyo ulipata shaka."

"Nilipata."

"Na bado ukapitisha."

"Kwenye fomu kuna ndiyo na kuna hapana," alisema Mhakiki. "Shaka haina kisanduku. Na siku hiyo nilikuwa na mafaili arobaini."

Inspekta aliandika, kisha akafuta alichokuwa ameandika juu yake mwanzo. Mtu aliyehongwa harudi baada ya kazi kusikiliza dhambi yake. Aliomba naye asikie hiyo simu.

Ilikuwa fupi. Kengele mbili, kisha sauti ya mwanamume, nzito, ya upole. "Nyumba, karibu." Mhakiki anajitambulisha. "Naomba kuongea na msimamizi wa..." "Ndiye mimi. Cheti cha tovuti tumeomba sisi. Nisomee tarakimu, mama." Tarakimu zikasomwa. Nyuma ya sauti kulikuwa na mtambo unaokwenda na kusimama, unaokwenda na kusimama, na mwanamke akiuliza kwa mbali, "Mikono mirefu au mifupi?"

"Umesikia nini?" Inspekta alimuuliza Meneja.

"Nimesikia uthibitisho uliokamilika."

"Mimi nimesikia mwanamume. Ile Nyumba haina mwanamume. Hata mlinzi wa getini ni mwanamke, na akikushika wewe utaita mama yako." Alifunga daftari. "Kifute cheti hicho."

Hapo ndipo Meneja alipoonyesha rangi yake. Kufuta cheti, alieleza, ni jambo zito. Kampuni ikifuta ovyo, nayo inapoteza kuaminiwa. Mwenye tovuti lazima aombe. Matroni anaweza kuomba leo hii, bila shaka, lakini nao watataka kwanza kuhakikisha kwamba yeye ndiye mwenye tovuti.

"Mtahakikisha vipi?"

"Tutampigia."

"Namba ipi?"

Mhakiki ndiye aliyejibu, anatazama sakafu. "Ya daftarini, afande. Ile ile."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mwanasheria wa kampuni aliitwa, naye akaja na lake: rekodi haitoki bila barua. Barua ikaandikwa, ikapigwa muhuri, ikakosewa tarehe, ikaandikwa tena. Inspekta alitoka na ile rekodi kwenye simu yake saa nane kasoro, na anwani ya ile namba ya mezani mkononi. Kutoka garini alimpigia Matroni wakutane huko.

Kilikuwa chumba cha chini nyuma ya duka la rangi. Mlangoni palining'inia sare za shule, na ndani mshonaji mnene mwenye pini midomoni alikuwa akikanyaga cherehani, inakwenda na kusimama. Inspekta alisimama kizingitini akaisikiliza. Kisha akaiona simu ya mezani, ya rangi ya krimu, kwenye rafu nyuma ya mabunda ya vitambaa.

Matroni alikuwa ameshafika, na hakuwa peke yake. Mama mmoja mzee, mwembamba, mkoba magotini, alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Huyu ni mama wa binti yetu," alisema Matroni. "Nilimwambia abaki, akaniambia nimfunge kamba."

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Fanya kazi yako, mimi simo."

Inspekta alimgeukia Matroni. "Hapa ni wapi?"

Matroni aliangalia dari. "Hapa palikuwa ofisi yetu. Tulihama mwaka jana, vitu tukavitoa kidogo kidogo kama watu wanaouza fenicha. Hakuna aliyejua."

"Na namba ya daftarini hamkubadilisha."

"Tuliiacha makusudi." Alilisema taratibu, nalo lilimuuma kulisema. "Mume akitutafuta, apotelee hapa. Tulijiona wajanja, Inspekta. Mwaka mzima tumejipongeza."

"Mficha uchi hazai," alisema yule mama kwenye kiti, bila ubaya.

Mshonaji alitoa pini midomoni. Hakuhitaji kubembelezwa. "Simu hiyo niliikuta. Ilikuwa inalia mara moja moja, mtu anauliza Nyumba, namwambia hapa tunashona. Juzi akaja fundi wa kampuni ya simu. Kitambulisho shingoni, shati limenyooka. Akasema ametumwa kuikata laini, ila anasubiri simu moja ya majaribio. Nikampa kiti hicho hicho."

"Alikaa muda gani?"

"Saa nzima na ushei. Mtaratibu, ananiita shangazi. Taa yangu ilikuwa inapepesa, akapanda akanitengenezea. Simu ikalia, akapokea, akaandika kiganjani. Akakata waya, akanishukuru, akaenda zake."

"Alipopokea alisema Nyumba. Hukushangaa?"

"Nilikuwa na mteja anabishana mikono mirefu au mifupi, mwanangu."

"Jina lake?"

"Nani anamuuliza jina mtu aliyekutengenezea taa bure?"

Inspekta aliinua mkono wa simu. Kimya, hata mvumo hakuna. Meneja angepiga hapa hadi kiama asipokelewe. Alitoa simu yake ya mkononi akaicheza ile rekodi kwa sauti ya juu, Mshonaji athibitishe kama ndiye.

"Nyumba, karibu," ilisema ile sauti ya upole.

Mshonaji aliitikia kwa kichwa. Lakini Inspekta hakuwa akimwangalia tena Mshonaji. Mama mzee alikuwa ameuachia mkoba, umeanguka, naye hakuinama kuuokota.

"Huyo ni mkwe wangu," alisema.

"Una uhakika, mama?"

"Miaka sita amenipigia kila Ijumaa kunijulia hali. Hata wiki aliyomvunja mwanangu mkono alipiga, akaniuliza dawa ya presha nimemeza." Alikohoa. "Ni yeye. Anafanya kazi kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Laini zetu zote ametusajilia yeye, yangu na ya mwanangu."

Basi mambo yakajipanga yenyewe, na Inspekta hakupenda yalivyojipanga. Mtu aliyekaa kwenye mitambo ni kama mwenye ufunguo wa bomba la mtaa mzima: maji yanakwenda anakotaka. Yeyote mwenye laini ya kampuni ile anayefungua tovuti ya Nyumba, bwana huyu angeweza kumgeuza njiani, hata akiwa mbali na kazini, na kumpeleka kwenye ukurasa wake wa bandia. Kitu kimoja tu kilimzuia. Bila cheti simu ingepiga kelele kwamba hapa kuna tapeli. Juzi, kwenye kiti hiki, kikwazo hicho kilikuwa kimeondoka kwa tarakimu sita.

"Binti atatumia simu ya kampuni gani leo?" aliuliza.

"Ya mwenyeji wake, sijui ni nani," alisema Matroni. "Lakini kampuni hiyo ndiyo ya watu tisa kwa kumi, Inspekta."

Aliipigia kampuni ya simu. Mkubwa wa mitambo alisema kijana wao yuko likizo tangu jana. Kuchungulia mitambo wakati mteja anaitumia, hapana, mpaka amri ya mahakama, na mahakama ndiyo hiyo, kesho. Akawatuma askari wawili nyumbani kwa mkwe. Baada ya robo saa wakajibu kwamba pamefungwa, gari halipo. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano.

Akampigia Meneja.

"Tumejaribu namba hiyo mara tatu," alisema Meneja. "Haipatikani. Kwa hiyo hatuwezi kumthibitisha mwenye tovuti."

"Nipe Mhakiki."

Kulikuwa na mnong'ono, kisha Mhakiki akaja hewani. Inspekta alimweleza kwa sentensi tatu: aliyepokea simu ni nani, anamtafuta nani, aliapa nini. Upande wa pili palisikika vidole kwenye vitufe, kisha sauti ya Meneja ikisema unafanya nini wewe, kisha vitufe tena.

"Nimekifuta," alisema Mhakiki. "Saa tisa na dakika thelathini na nane. Watanifukuza."

"Watakufukuza," alisema Inspekta. "Asante sana."

Matroni alishusha pumzi na kuegemea mabunda ya vitambaa. Mshonaji alisema Mungu mkubwa. Inspekta naye alijisikia mwepesi, lakini kazi ile ilikuwa imemfundisha kutoamini kitu alichoambiwa tu. Alimwomba yule mama simu yake, akafungua tovuti ya Nyumba.

Ukurasa ulifunguka, na kufuli lilikuwa juu yake.

Aliligusa kufuli, likatoa jina la kampuni iliyolitolea dhamana. Lilikuwa jina la kampuni ya Meneja. Akafungua ukurasa ule ule kwenye simu yake mwenyewe, yenye laini ya kampuni nyingine. Hapo lilitokea jina lingine, lile ambalo mpwa wa Matroni alilitambua jana kuwa lao. Aliziweka simu mbili pamoja juu ya meza ya kukatia nguo. Kurasa zilifanana, rangi kwa rangi, nukta kwa nukta.

Mhakiki alipokea mara ya kwanza ilipolia.

"Umesema umekifuta."

"Nimekifuta. Kwetu kimeandikwa kimekufa."

"Simu ya huku inakiona kizima."

"Simu inatakiwa kutuuliza kama cheti bado ni kizima. Swali hilo linapita kwenye kampuni ya simu. Kama yeye yuko hapo katikati, anaweza kulizuia lisitufikie."

"Na simu isipojibiwa inafanya nini?"

"Inapitisha," alisema Mhakiki. "Nyingi zinapitisha tu. Watu hawapendi kusubiri."

Saa kumi ilipofika Matroni alikuwa ameshika simu yake, ile inayopokea ujumbe wa kweli wa Nyumba, kwa mikono miwili. Mshonaji alikuwa ameacha cherehani. Saa kumi na dakika tatu. Saa kumi na dakika saba.

"Hajawahi kuchelewa," alisema Matroni. "Kamwe. Ni mtoto wa kufuata saa."

"Basi ameandika," alisema Inspekta, "na aliyesoma siye wewe."

Matroni alianza kulia. Inspekta alitoka nje, akapiga simu makao makuu, akataka gari la yule mwanamume litafutwe katika kila barabara, akijua barabara ni nyingi na magari ya doria ni manne. Aliporudi ndani, mama mzee alikuwa ameinuka. Alikuwa ameshika ile simu yake, anautazama ule ukurasa kwa karibu kama mtu anayesoma bila miwani.

"Hapa nikiandika," aliuliza, "anasoma nani?"

"Yeye, mama."

"Basi tumwandikie."

Inspekta alimtazama.

"Mwanangu anahama hovyo siku zote. Akisema amehama tena, mumewe ataamini. Andika kule alikosema pana watu wengi, ameogopa. Andika anakuja kwangu."

"Nyumba yako anaijua."

"Ndiyo maana nikaitaja. Ya kwangu haulizi njia."

Matroni alipangusa macho kwa kiganja. Alisema kila mwanamke hutia sahihi kwa namba, na ya binti ni kumi na saba. Inspekta aliandika, akasoma kwa sauti: kule pana watu, tafadhali mjue nimetoka, nakwenda kwa mama.

"Toa tafadhali," alisema mama. "Mwanangu hamwombi mtu. Na weka kwamba yuko njiani kwa miguu, ili naye asikimbie sana."

Tafadhali ikatolewa. Inspekta alisita, kidole juu ya kitufe. "Nitaweka askari ndani ya nyumba, mama. Wewe utabaki hapa na Matroni."

"Jua likianza kushuka huwa niko barazani nachambua mboga. Anajua. Miaka sita amenikuta pale. Akikuta baraza tupu ataondoka, na ataenda kule kwingine."

Inspekta alishusha kidole. Akabonyeza.

Ukurasa ulizunguka, ukasema ujumbe umepokelewa. Wakasubiri. Chini ya ujumbe, pale ambapo Matroni huwajibu watu wake, maneno yakaanza kutokea.

*Pole sana, binti. Mama yako yupo nyumbani?*

"Mimi siulizi hivyo," alisema Matroni kwa sauti ndogo. "Mimi huwa nasema nimepata, basi."

Mama mzee aliyasoma mwenyewe, mara moja, akaokota mkoba wake sakafuni.

"Mwambie yupo," alisema. "Halafu niwahishe nyumbani, mwanangu, yasije yakawa uongo."